Sikio la Hakimu

Mimi sikuwepo dada yangu aliposema alichosema. Nilikuwa nimeshuka chini kujaza chupa kwenye bomba la hospitali, kwa sababu mgonjwa wetu alikuwa ameomba maji ya baridi, na niliporudi juu nikihema kwa zile ngazi, mgonjwa wetu hakuhitaji maji tena.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa binti wa dada, mtoto wake wa pekee, msichana mkubwa aliyekwisha maliza shule na kuanza kazi nasi kwenye duka letu la udobi. Tulimwita Kinanda kwa sababu hakujua kunyamaza. Akipiga pasi anaimba, akikunja shuka anaimba, na siku alipounguza kola ya mteja aliomba radhi kwa wimbo mpaka mteja mwenyewe akashindwa kukasirika. Homa ilimwanza kama mzaha. Tukampa vidonge, akatania kwamba vina ladha ya sabuni ya unga. Kisha mzaha ukaisha, na tukawa tunakimbia naye.

Kwenye ukumbi mwembamba nje ya wodi niliwakuta watu wanne wamesimama kama waliogandishwa. Dada alikuwa katikati, uso ameuinua kwenye dari. Pembeni yake shemeji yetu, mdogo wa marehemu mume wake, fundi bomba, mtu wa makamo anayeishi chumba cha uani kwetu. Mlangoni muuguzi, mkono bado umeshika pazia. Na ukutani mfagiaji wa hospitali, mzee mmoja mkimya, amejibana na ndoo yake kana kwamba kuna kitu kikubwa kinapita na anakipisha. Hakuna aliyekuwa analia. Hilo ndilo lililonitisha kabla hata sijajua kilichotokea.

Shemeji alikuwa anautazama mdomo wa dada. Nikamuuliza, "Amesema nini?"

"Twende, shemeji," alinijibu bila kunitazama. "Twende tukashughulikie mwili."

Tukazika. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Mimi nilitegemea kwamba baada ya hapo maisha yatarudi polepole kwenye mstari wake, na dada naye alirudi kwenye pasi mapema kuliko nilivyotaka, akisema mikono ikikaa bure kichwa kinafanya kazi. Lakini wateja walikuwa wamebadilika. Walileta nguo kama kawaida, ila mtu akimpa dada shati anatazama shati. Akipokea suruali yake anatazama suruali. Mwanamke wa duka la viatu, aliyekuwa akiegemea kaunta yetu asubuhi nzima akitusimulia visa vya mume wake, sasa alikuwa anaweka mfuko chini mlangoni na kusema "nitapita baadaye" akiwa ameshageuka. Nilidhani ni haya ya msiba. Watu wengine hawajui kumtazama mfiwa.

Halafu akaja sajenti. Magwanda yake tulikuwa tunayafua sisi tangu alipokuwa konstebo, na siku zake za kuyaleta tulizijua. Siku hiyo alikuja mikono mitupu, akasimama nje ya kizingiti.

"Karibu, sajenti," nikamwambia. "Au leo umekuja kufuliwa mwenyewe?"

Hakucheka. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Mama," alimwambia dada, "kuna jambo limefika kituoni. Siku ile hospitali. Inasemekana ulitamka maneno."

"Mtoto wangu alikuwa amekufa," dada akasema. "Nilitamka. Nani asingetamka?"

"Ni maneno juu ya Mungu." Hapo alishusha sauti. "Kuna sheria, mama. Ya zamani sana. Hata mimi sikuijua, mkuu wa kituo ilibidi aulizie kwa wakubwa. Aliyeitunga hata kaburi lake hakuna anayelijua. Lakini waliulizwa huko juu kama imefutwa, wakajibu hapana, hakuna aliyekumbuka kuifuta."

"Na mlalamikaji ni nani?" nikadakia. "Mungu amekuja kituoni mwenyewe?"

Sajenti aligeuka kutazama nyuma yake, barabarani, haraka, kama mtu aliyeguswa bega. Hakukuwa na mtu. "Mama mdogo, tafadhali," alisema. "Usiniongezee."

Akatueleza sheria ilivyo. Anayesikia maneno kama yale akanyamaza, naye ana kosa. Anayekwenda kuripoti anaruhusiwa kusema kwamba yalisemwa, lakini si kuyarudia, kwa kuwa kuyarudia ni kosa lile lile.

Dada aliweka pasi wima. "Sasa mimi nilisema nini?"

"Unajua mwenyewe, mama."

"Siku ile nilijua nini? Hata viatu nilivyovaa sivijui. Niambie nimesema nini, kama nilisema nitakubali."

"Siwezi," sajenti akasema, na nilimwona kweli ameogopa. "Nashukuru sikuyasikia. Mkuu wa kituo naye hakuyasikia. Hakuna aliyeyasikia isipokuwa wale watatu."

Alituachia siku ya kufika mahakamani, akavaa kofia, akaondoka akitembea katikati ya barabara.

Kujua ni nani aliyeripoti hakukuhitaji akili nyingi. Shemeji alikuwa ameacha kupita mbele ya duka. Alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma na kuzunguka mtaa mzima, na begi lake la spana tulilisikia likigongana nyuma ya ukuta. Nilikwenda kumgongea. Hakufungua.

"Mtoto alikuwa anakuita baba mdogo," nikaiambia mbao ya mlango. "Umembeba mgongoni. Leo unampeleka mama yake kwa polisi?"

Halafu sauti yake, karibu sana na mbao, kumbe alikuwa amesimama pale pale: "Nilisikia watu wanazungumza habari ya hiyo sheria kwenye ibada. Kwamba anayenyamaza naye anahesabiwa. Nikadhani wale wengine wawili wamekwisha kusema. Nikadhani nimebaki mimi tu."

"Na walikuwa wamesema?"

"Hapana," alisema. "Wameitwa kwa sababu yangu."

Niliondoka. Dada aliponiuliza nilikokuwa, nilimwambia nimekwenda kuanika.

Miezi ile ya kungoja kesi, dada alianza kuwa na tabia ya kunyamaza ghafla katikati ya kazi na kuinua uso, akisikiliza. Siku moja nikamuuliza anasikiliza nini.

"Najaribu kukumbuka," alisema. "Kuna maneno nayakumbuka. Lakini ni machache mno. Watu hawawezi kuogopa hivi kwa maneno machache vile. Lazima kuna mengine niliyasema."

"Yapi unayakumbuka?"

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Wewe bado uko safi. Kaa hivyo hivyo."

Mahakama ya mji wetu ni chumba kimoja kirefu chenye feni inayogonga kila ikizunguka. Dirisha lake linaangalia karakana ya mafundi wa mageti, kwa hiyo kesi zote husikilizwa kwa kelele za nyundo. Hakimu tulimjua kwa kola zake. Alipenda ziwe ngumu kwa wanga, na alikuwa mteja asiyesumbua. Alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye masikio makubwa ambayo Kinanda, Mungu amrehemu, aliwahi kusema yanafaa kuanikiwa soksi. Asubuhi ile alimtazama kila mtu chumbani isipokuwa dada.

"Sheria hii siipendi," alisema kabla ya lolote. "Lakini sina uwezo wa kuisoma kama haipo. Karani, soma shtaka."

Karani alisimama akasoma. Alisoma tarehe, mahali, jina la mshtakiwa, kwamba siku hiyo na mahali hapo alitamka yafuatayo. Kisha akanyamaza. Macho yake yaliendelea kushuka kwenye karatasi, mahali palipoachwa wazi kwa maneno yasiyoruhusiwa kuandikwa, mstari kwa mstari, midomo imefungwa. Tulisikia feni ikigonga. Alifungua ukurasa wa pili, macho yakashuka tena. Watu wakaanza kuinamisha vichwa. Mwishowe akapata sauti, akasoma "kinyume cha sheria," akaketi.

Dada aliniegemea. "Mdogo wangu," alininong'oneza, "mimi sikusema mengi hivyo."

Mwendesha mashtaka, kijana aliyevaa koti linalombana, alieleza utaratibu kama mtu anayesoma maagizo ya dawa asiyoijua. Shahidi atasogea mezani na kuyasema maneno katika sikio la hakimu peke yake. Hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo sheria inaruhusu yarudiwe.

Akaanza mfagiaji. Alipanda kijukwaa, akavua kofia, akainama. Hakuchukua muda. Hakimu alitikisa kichwa kwa adabu, kama anayeambiwa saa. Mzee akashuka.

Akafuata muuguzi. Mwanamke wa kazi, mkavu, aliyezoea kutoa taarifa. Aliinama, akaanza, na nilimwona hakimu akiacha kuchezea kalamu. Muuguzi aliendelea. Bega lake lilianza kutikisika. Alipoinuka, uso umelowa, alisimama akiangaza angaza, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Alinipita karibu, nikamsikia anajiuliza mwenyewe, "Nimesema nini?"

Halafu shemeji.

Sijui nieleze vipi. Alipoinama, nyundo za karakana zilikuwa zinaendelea. Midomo yake tuliiona ikichezacheza pembeni ya sikio lile kubwa, lakini sauti haikutufikia hata chembe. Alisema, akasema. Hakimu aliweka kiganja juu ya meza. Kuna mahali alivuta kichwa pembeni, tukadhani atamkatiza, lakini akakirudisha polepole mwenyewe, akaendelea kusikiliza. Nyundo zilikuwa zimenyamaza. Sikumbuki zilinyamaza lini. Watu wote mle ndani tulikuwa tunaangalia midomo ya fundi bomba ambaye mimi binafsi, miaka yote ile, sikuwahi kumsikia akiongea sentensi tatu mfululizo. Alipomaliza hakuiona ngazi ya kijukwaa. Sajenti alimshika mkono akamteremsha kama kipofu.

Hakimu alibaki kitini. Rangi ya uso wake ilikuwa imekwenda. Alipapasa sikio lake, la kushoto, akatazama vidole kama vina kitu.

"Mshtakiwa," alisema. "Njoo hapa."

Mwendesha mashtaka aliinuka nusu. "Mheshimiwa, mshtakiwa utaratibu wake ni..."

"Nimemwita."

Dada alipanda. Nilimwona anainama, na kabla sijavuta pumzi mbili akainuka.

Hakimu alingoja. "Endelea," akasema.

"Yameisha, mheshimiwa."

"Hayo tu?"

"Hayo tu ninayoyakumbuka. Kama kuna mengine, hawa wamekwisha kukuambia. Nami naomba uniambie."

Kwa mara ya kwanza hakimu alimtazama usoni. Alimtazama muda mrefu, na nilichokiona machoni mwake hakikuwa hukumu. Alikuwa kama mtu anayezama anayemwona mwenzake yuko ufukweni, mkavu.

"Mashahidi watatu," alisema hatimaye, kwa sauti iliyokwaruza, "wameniletea maneno ya namna tatu. Hakuna linalofanana na jingine. Na hakuna hata moja linalofanana na la mama huyu. Shtaka halina ushahidi. Mama, nenda nyumbani."

Mwendesha mashtaka alikuwa bado amesimama, akifikiri, na tuliona fikra ikimfika. "Mheshimiwa," alianza taratibu, "kama maneno hayo si ya mshtakiwa, basi ni ya mashahidi wenyewe. Na wameyatamka mbele ya..."

"Kaa chini."

"Lakini sheria..."

"Ili uwashtaki hao," hakimu alisema, "shahidi itabidi niwe mimi. Na mimi niyanong'one kwenye sikio la nani? Lako?"

Kijana akakaa. Karakana ikaanza kugonga tena, na watu walitoka wakisukumana kama kuna moshi.

Nilidhani dada atafurahi. Alifika nyumbani akalala mpaka kesho yake, akaamka akawasha mashine. Jioni moja baadaye, tukikunja shuka, kila mmoja ameshika ncha zake, akaniambia alichomnong'oneza hakimu. Nitakisema hapa, na anayetaka kunishtaki anajua duka letu lilipo. Alimwambia Mungu: "Umeshamchukua. Basi usinitazame tena."

Ni hivyo tu. Nami nikajikuta nawaza wateja wale wote na macho yao kwenye mashati, na nywele zikanisimama. Sikumwambia. Lakini alikuwa amekwisha kuwaza hilo zamani.

"Tangu siku ile," alisema akinyoosha ncha ya shuka, "nasikia kama taa iliyozimwa chumba cha pili. Humo chumbani mwenyewe hukai. Lakini unajua imezimwa."

Muuguzi alikuja baada ya wiki kadhaa. Alikuja bila nguo ya kufua, akakataa kiti, akasema maneno yake kwa haraka akiwa amesimama. Maneno ya dada hakuwa ameyashika hata siku ile. Alisikia sauti tu ya mama anayelia, na sauti hizo amezisikia nyingi. Alipokwenda mahakamani alikuwa amepanga kusema hakumbuki. "Lakini nilipolifikia lile sikio," alisema, "nikasikia mdomo wangu unatoa maneno. Ni yangu. Ya watoto wote niliowafunika kwenye wodi ile. Sikujua kama ninayo. Nimesali maisha yangu yote, dada, wallahi sikujua kama ninayo."

"Na sasa?" dada akamuuliza.

"Sasa kuna mtu anayo," muuguzi akajibu, akaondoka.

Habari ya hakimu tuliisikia vipande vipande. Kwamba anaomba mashahidi waandike badala ya kusema. Kwamba akiongea na mtu anamgeuzia sikio la kulia. Kisha kwamba ameacha kazi kabla ya wakati. Redio nayo ilitangaza kuwa wawakilishi walijadili kufuta zile sheria kongwe. Wakafuta ya kutembeza punda sokoni na ya kupiga filimbi siku ya soko, na ilipofikiwa ile yetu, mmoja aliuliza ni nani aliye tayari kuonekana amesimama kutetea kufutwa kwake. Hakuna aliyesimama. Wakaenda kula.

Alasiri moja, mvua ikinyesha, hakimu aliingia dukani na mfuko wa mashati. Alikuwa amevaa fulana ya kawaida, na bila kola shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Nilipokea mashati nikayafungua. Yalikuwa safi. Yalinukia sabuni ya nyumbani, na mikunjo ya pasi bado ilikuwa mikali.

"Mzee," nikasema, "haya yamefuliwa."

"Najua." Aliitazama mashine kubwa, ile ya mashuka, iliyokuwa inazunguka kwa kishindo. "Naomba nikae karibu na hiyo. Kelele yake inasaidia. Nikiwa kwenye kimya nayasikia."

Dada alitoka nyuma ya pazia la mvuke. Nilitegemea atamwuliza, ningekuwa mimi ningemwuliza yote. Yeye alivuta kigoda akakiweka ubavuni mwa mashine, upande wa sikio la kushoto.

"Yule shemeji yako," hakimu alisema alipokwisha kukaa, "siwezi kukuambia alichosema. Nikikuambia nimekitenda mimi. Lakini jua hakikuhusu wewe. Kina umri mkubwa kuliko msiba wako."

"Sijakuuliza, mzee."

"Ndiyo maana nimekuja hapa."

Akawa anakuja. Hakuwa anaongea sana. Wateja walimzoea, wengine wakidhani ni mzazi wetu. Nilikuwa nikifua mashati yake safi na kumrudishia, naye anayaleta tena.

Na shemeji? Alikuwa bado anazunguka mtaa. Mpaka bomba letu la mashine lilipopasuka, maji yakajaa mpaka barabarani, na mimi kwa hasira nikapiga kelele uani kwamba kama kuna fundi humu ndani na anasikia, basi ana kazi. Muda si muda nikamwona mlango wa mbele, begi begani. Alikuwa amekonda. Aliingia hatua mbili kwenye maji, akamwona anayekaa kwenye kigoda.

Begi lilimteleza. Spana zilianguka, chubwi, moja moja, ndani ya maji. Hakimu naye alikuwa amemwona. Mashine ilikuwa imezimwa kwa sababu ya bomba, na duka lilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kulisikia. Mzee alifunika sikio kwa kiganja, na midomo yake ikaanza kuchezacheza, bila sauti, vile vile kabisa kama midomo ya shemeji ilivyocheza siku ile.

Shemeji aliitazama midomo ile. Aliijua kila inapofumba na inapofumbuka. Uso wake ulivunjika.

"Mzee," alisema, "basi. Acha. Nirudishie."

"Sheria," hakimu akajibu kwa shida.

"Ni yangu. Kuniambia maneno yangu mwenyewe si kosa lako. Nirudishie."

Dada alinishika mkono, akanivuta uani kwenye mvua, akafunga mlango nyuma yetu. Tulisimama chini ya kamba tupu za nguo, tukilowa. Ndani hatukusikia kitu. Nilijaribu kuchungulia dirishani, dada akanigeuza kwa bega kama mtoto.

Mlango ulipofunguliwa alikuwa shemeji. Macho yamevimba, suruali imelowa mpaka magotini. Nyuma yake kigoda kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amekwisha kuondoka kwa mbele, na mashati yake ameyaacha kwenye kaunta. Hakurudi tena kuyachukua.

Shemeji alimtazama dada usoni. Alifungua mdomo.

"Usiniambie," dada akasema. "Sitaki kuwa wa kuyabeba. Hilo bomba linataka nini?"

"Linataka shingo mpya," shemeji alisema. "Na mpira. Ninao chumbani."

"Kaulete basi. Mashuka ya hoteli yanachukuliwa kesho."